Kweli au Uongo? Simulizi za Chembe Zisizoonekana, Kutoka Karatu Hadi Kingo za Ngorongoro

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwanafizikia wa majaribio hawapingi wahenga, ila ana swali lake: limepimwaje? Swali hilo ndilo kazi yake ya kila siku. Kuna waliolibeba kwa miaka 30 na zaidi wakiifuatilia chembe moja tu iitwayo neutrino. Chembe hiyo haina chaji ya umeme, uzito wake ni mdogo mno hata ukilinganishwa na elektroni, na hupenya karibu kila kitu bila kugusa chochote.

Kwa kuwa haionekani, neutrino imezushiwa mengi. Iwe ni kijiweni Karatu mjini, kwenye foleni ya geti la Lodoare, au kwenye kundi la simu la wanafunzi mliosoma pamoja, bila shaka umewahi kusikia angalau moja ya simulizi hizi. Tuzipange mstari na kuzitolea hukumu moja baada ya nyingine.

1. "Hizo neutrino ni mambo ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu hazipo."

Hukumu: UONGO.

Jua huzalisha neutrino katika kiini chake kila linapounganisha haidrojeni kuwa heli, na halichagui nchi ya kuzipeleka. Kila sekunde, neutrino za jua zipatazo bilioni 65 hupita katika kila sentimita moja ya mraba, yaani eneo la ukucha wa kidole gumba. Mkulima anayepalilia ngano Karatu anazipata sawasawa na profesa aliyeko Geneva.

Usiku nao hauzizuii. Jua likiwa upande wa pili wa dunia, neutrino zake huivuka dunia nzima, toka upande mmoja hadi wa pili, kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde, kisha hutokea chini ya kitanda chako zikielekea juu.

Isitoshe, wewe mwenyewe unazitoa. Ndizi na maharage unayokula yana potasiamu, na sehemu ndogo sana ya potasiamu yote duniani ni ya aina ya potasiamu-40, ambayo huvunjika yenyewe polepole. Katika mwili wa mtu mzima, atomu zaidi ya 4,000 za aina hiyo huvunjika kila sekunde, na kila moja hutoa neutrino au pacha wake, antineutrino. Kwa hiyo huna haja ya viza kuwa karibu na fizikia hii.

2. "Kama hakionekani, hakiwezi kuthibitishwa."

Hukumu: UONGO. Na hapa wahenga wako upande wa sayansi, kwani dalili ya mvua ni mawingu.

Mwindaji wa Kihadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi hahitaji kumwona mnyama ili ajue amepita, ameelekea wapi na kama amejeruhiwa. Nyayo, majani yaliyovunjika na tone la damu vinamtosha. Mwanafizikia wa neutrino naye anasoma nyayo.

Wolfgang Pauli alipoipendekeza chembe hii mwaka 1930, alifanya hivyo kwa sababu hesabu ya nishati katika atomu zinazovunjika ilikuwa na upungufu, kana kwamba kuna kitu kilichoondoka na sehemu ya mali bila kuaga. Pauli mwenyewe alihofu kwamba amebuni kitu ambacho hakuna atakayeweza kukinasa. Ilichukua miaka 26. Mwaka 1956 Wamarekani Frederick Reines na Clyde Cowan waliweka matangi ya maji yaliyochanganywa na kadimiamu karibu na kinu cha nyuklia cha Savannah River, wakasubiri. Antineutrino ikigonga protoni, hutokea mmweko mmoja, na baada ya sehemu chache za milioni ya sekunde hutokea mmweko wa pili. Mimweko hiyo miwili kwa mpangilio huo ndiyo unyayo. Reines alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Cowan alikuwa ameshafariki mwaka 1974.

Na usidhani Afrika ilikuwa mtazamaji. Februari 23, 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand huko Boksburg, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi, kundi la Reines na mwenzake wa Afrika Kusini, Friedel Sellschop, lilinasa neutrino iliyozaliwa angani na wala si kwenye kinu kilichojengwa na binadamu. Mwaka huohuo kundi jingine lilipata matokeo kama hayo katika machimbo ya Kolar, India.

3. "Mionzi ni mionzi. Neutrino zinatuletea magonjwa."

Hukumu: UONGO kwa neutrino. Hofu ya mionzi kwa jumla ina sababu zake.

Ili mionzi ikudhuru, lazima iache nishati mwilini, na ndivyo eksirei na mionzi ya urani inavyofanya. Ndiyo maana mpiga picha za eksirei hospitalini hutoka nje ya chumba kabla ya kubonyeza, na anayekwambia usikae mle ndani bila sababu ana haki. Neutrino hupita bila kuacha kitu. Katika mabilioni yanayokupitia kila sekunde, wanafizikia hukadiria kwamba moja hivi ndiyo itakayogonga kitu mwilini mwako katika maisha yako yote. Laiti zingekuwa rahisi kugusa vitu, wanaozitafuta wasingelazimika kujenga matangi makubwa kama Super-Kamiokande la Japani, lenye tani 50,000 za maji safi chini ya mlima, ili kupata chache kwa siku.

4. "Umri wa fuvu la Olduvai ni makisio ya Wazungu tu."

Hukumu: UONGO. Ulipimwa, na neutrino ilikuwepo.

Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus Julai 17, 1959, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Ngorongoro. Mwanzoni makisio yalikuwepo kweli: Louis Leakey alidhani lina miaka laki 6 hivi. Kisha wakaja wapimaji. Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua madini ya majivu ya volkano yaliyolala kwenye tabaka la fuvu lile, wakapima ndani yake potasiamu na gesi ya argoni.

Kanuni yake ni hii. Katika kila atomu 100 za potasiamu-40 zinazovunjika, 11 hivi hugeuka kuwa argoni, na kila zinapogeuka hutoa neutrino. Neutrino inakwenda zake. Argoni inabaki imefungiwa katika jiwe. Volkano inapolipuka na mawe kuyeyuka, argoni ya zamani hutoroka na hesabu huanza upya. Nusu ya potasiamu-40 huisha kwa miaka bilioni 1.25, kwa hiyo ukijua potasiamu iliyobaki na argoni iliyokusanyika, unajua volkano ililipuka lini. Mwaka 1961 walitangaza jibu: miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio ya Leakey. Vipimo vya baadaye vimeiongeza namba hiyo kidogo, havikuiangusha.

Makisio yaliyoanguka yalikuwa ya mtaalamu mwenyewe aliyeongoza uchimbaji, na jina lake liliandikwa kwenye ripoti iliyoyaangusha.

5. "Chini ya Ol Doinyo Lengai kuna moto, na ardhi ina joto lake yenyewe."

Hukumu: KWELI. Wazee wapewe haki yao.

Kwa Wamaasai, Lengai ni mlima wa Mungu, mahali pa kwenda kuomba mvua na uzazi. Waliokaa chini yake walijua kwamba uhai wa mlima hautoki kwenye jua linaloupiga juu. Ulilipuka tena mwaka 2007 na 2008. Lava yake ni ya pekee duniani: nyeusi, nyepesi, yenye nyuzijoto 500 hadi 600 hivi, wakati lava za kawaida huzidi 1,000.

Swali la wanafizikia lilikuwa: joto la ndani ya dunia linatoka wapi? Neutrino zikaleta jibu, kwa sababu ndizo chembe pekee zinazoweza kutoka huko chini na kutufikia zikiwa zima. Mwaka 2005 kundi la KamLAND nchini Japani lilitangaza dalili za kwanza za antineutrino zinazotoka kwenye urani na thoriamu ardhini. Mwaka 2010 kundi la Borexino nchini Italia likathibitisha. Dunia hupoteza joto la wati trilioni 47 hivi, na vipimo hivyo vinaonyesha kwamba karibu nusu yake hutokana na atomu zinazovunjika. Nusu nyingine ni joto la asili, lililobaki tangu dunia ilipoumbika.

6. "Ukipanda kwenye kingo za kreta unapigwa na miale mingi zaidi ya angani kuliko ukiwa chini."

Hukumu: KWELI.

Mwaka 1912 Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipima mionzi, akakuta mionzi inaongezeka kadiri anavyopanda. Kama mionzi yote ingekuwa inatoka ardhini, ingepaswa kupungua. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba kuna chembe zinazotunyeshea kutoka anga za mbali. Kwa kukadiria, mionzi hiyo huongezeka mara mbili kila unapopanda mita 1,500. Kutoka Ziwa Eyasi, lililo mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kingo za Ngorongoro zilizo mita 2,300, tofauti inapimika vizuri.

Usiogope, watu huishi juu zaidi ya hapo. Lakini nyosha kiganja chako: chembe ziitwazo muoni, watoto wa miale hiyo, hukipenya takriban moja kila sekunde.

7. "Basi kreta, kwa kuwa ni shimo kubwa, ingefaa kuwa maabara ya neutrino."

Hukumu: UONGO. Wazo si baya, ila shimo lenyewe siyo.

Ni kweli maabara za neutrino hukimbilia chini. Zinakimbia hao muoni, ambao kelele zao zingeifunika sauti ndogo ya neutrino. Kinachozuia muoni ni mwamba ulio juu ya kichwa. Kreta ina kina cha mita 600 na sakafu ya kilomita 260 za mraba, lakini juu yake kuna nini? Anga tupu, mawingu na tai. Super-Kamiokande lina mita 1,000 za mlima juu yake, na mgodi wa East Rand ulikuwa na zaidi ya mara tatu ya hapo. Kama Tanzania ingetaka kutafuta mahali pa namna hiyo, pa kutazama ni kwenye migodi ya chini ya ardhi kama Bulyanhulu. Faru na nyumbu wa kreta waachwe walivyo.

8. "Wanasayansi walishathibitisha kwamba neutrino inaushinda mwanga kwa kasi."

Hukumu: UONGO. Hii ilitembea sana, na ina mguu mmoja wa kweli unaoipa nguvu.

Septemba 2011 kundi la OPERA lilitangaza kwamba neutrino zilizotumwa kutoka maabara ya CERN, karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730, zilifika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungehitaji. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Walitangaza huku wakiomba wenzao wawasaidie kutafuta kosa. Mwaka 2012 kosa likapatikana: waya wa mwanga wa mfumo wa saa haukuwa umekazwa vizuri. Kundi jingine palepale Gran Sasso likapima upya, na kasi ikawa ileile ya mwanga.

Huo mguu wa kweli je? Februari 23, 1987, nyota ililipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo umbali wa miaka ya mwanga 168,000 hivi. Mlipuko ulionekana kwa macho matupu katika anga la kusini, hata kutoka latitudo ya Karatu. Neutrino zake zilinaswa saa 3 hivi kabla ya mwanga wake kuonekana. Zilitangulia kufika kwa sababu zilitangulia kuondoka: zilitoka moja kwa moja kwenye kiini, wakati mwanga ulisubiri mlipuko ufike kwenye uso wa nyota.

Tukio hilohilo ndilo lililowapa watu wasiwasi na dai la 2011. Kama neutrino zingeushinda mwanga kwa kiwango cha OPERA, zile za 1987 zingefika miaka 4 hivi mapema, si saa 3. Halafu kuna hili: nyota ile haichomozi kabisa kwenye anga la Japani wala la Ohio, Marekani, kulikokuwa na vigunduzi viwili kati ya vitatu vilivyozinasa. Neutrino ziliingia kusini mwa dunia, zikaipenya, zikanaswa zikitokea chini.

9. "Kazi ya majaribio ni kwenda kuthibitisha kilichokwisha andikwa kitabuni."

Hukumu: UONGO.

Muulize Raymond Davis. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliweka tangi la lita 380,000 za dawa ya kufulia nguo bila maji katika mgodi wa Homestake, Dakota Kusini, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi. Neutrino ya jua ikigonga klorini, hutokea atomu ya argoni. Davis alikuwa akivuna kwa wastani atomu moja kila baada ya siku mbili hivi. Hesabu za vitabu zilitaka mara tatu ya hizo.

Kwa miaka mingi wengi waliamini kwamba mzee anakosea kuhesabu, au wenye hesabu za jua ndio waliokosea. Kumbe wote walikuwa sahihi. Neutrino ziko za aina tatu, na njiani hubadilika kutoka aina moja hadi nyingine. Tangi la Davis liliweza kunasa aina moja tu. Super-Kamiokande mwaka 1998, na kituo cha Sudbury nchini Kanada mwaka 2001 na 2002, vilimaliza ubishi. Davis alipokea Nobel mwaka 2002 akiwa na miaka 88. Waliomaliza ubishi, Takaaki Kajita na Arthur McDonald, walipata yao mwaka 2015. Vitabu ndivyo vilivyorekebishwa.

10. "Fizikia hiyo si ya mtoto wa kijijini."

Hukumu: UONGO, na shahidi ni Mtanzania.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu alimkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Kuuliza si ujinga: hukohuko Mkwawa alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, naye akaenda kupima badala ya kucheka. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, wakati huo Mpemba akiwa Chuo cha Wanyamapori Mweka, akijiandaa kwa kazi ya uhifadhi.

Je, maji ya moto huganda haraka kweli? Hapo hukumu ni BADO. Watafiti wawili wa Uingereza walirudia vipimo mwaka 2016 na hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine wanaendelea kupima. Mpemba alishinda kwa kuuliza swali ambalo dunia bado inalipima.

Na leo njia iko wazi kuliko enzi zake. Kétévi Assamagan, mwenye asili ya Togo, alipima katika masomo yake ya udaktari ukomo wa uzito wa neutrino ya aina ya muoni, kisha akafanya kazi kwenye jaribio la ATLAS huko CERN. Yeye ni miongoni mwa walioanzisha Shule ya Fizikia ya Afrika, iliyofanyika mara ya kwanza mwaka 2010 na kufika Kigali mwaka 2016. Tangu 2018 Kigali pana pia Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, mshirika wa kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, alichokianzisha mwanafizikia Abdus Salam. Kazi yenyewe inahitaji mikono mingi: ripoti moja ya mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na waandishi 5,154. Humo wamo wa hesabu, wa programu, wa umeme na wa mabomba.

11. "Haimsaidii chochote mkulima wa vitunguu wa Mang'ola."

Hukumu: NUSU KWELI.

Neutrino yenyewe haijamwagilia shamba la mtu. Lakini vyombo vilivyobuniwa na wanaozisaka chembe vimeshafika. Wavuti, ambamo mkulima anatafuta bei ya gunia kwa simu, ilibuniwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1989 ili wanafizikia wapeane taarifa. Mashine za kuharakisha chembe ndizo zinazotibu saratani katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa hiyo, mzazi au mlezi wa Karatu, Ngorongoro au kwingineko, kijana wako akitaka kuchukua PCM usimwambie kwamba hayo si ya kwetu. Na wewe, ukiletewa simulizi nyingine ya chembe, miale au mwisho wa dunia, usiikubali wala kuikataa kabla ya kuuliza mambo matatu: nani alipima, kwa chombo gani, na mwingine alipopima alipata nini? Msimuliaji akikosa majibu yote matatu, usiisambaze.